Vikombe Kumi na Kimoja

Inspekta alifika kwenye ukumbi wa askari wa zamani Jumanne saa nne asubuhi, faili kwapani, akaukuta mlango wazi na wazee watatu wamekwisha kujipanga wakimsubiri, viatu vimepigwa rangi vinang'aa. Alianzia hapo hapo kwenye viatu. Ndiyo tabia yake tangu aingie kazi ya upelelezi, kumtazama mtu kuanzia chini na kupanda taratibu, uso akaja kuufikia mwisho, kwa sababu uso ndicho kitu ambacho mtu hukiandaa mapema.

"Kumbe afande mwenyewe ni mwanamke," mmoja wao alisema, na haikujulikana kama anasifu au analalamika.

"Na ngazi tatu tu zimemtoa jasho," akadakia mwingine, aliyekuwa akiburuta mguu. "Sisi mlima tuliupanda na bunduki."

"Mkiwa na miaka hamsini na mbili?" Inspekta aliwauliza. Wakacheka, na kiti kikavutwa.

Aliyesema kwanza ni Mwenyekiti, zamani kapteni, mgongo wake mpaka leo umenyooka kama ubao. Mwenye mguu wa kuburuta walimwita Kisigino, kwa kuwa kisigino chake cha kushoto kilibaki vitani. Wa tatu ni Karani, mzee mkimya wa miwani minene, aliyekuwa amelikumbatia daftari kubwa kama mtu aliyeshika mtoto wa jirani. Na huko nyuma, kwenye jiko la kupikia chai, alisikika mwanamke akigonganisha sufuria. Huyo ni mjane wa mpiga tarumbeta wao, na ukumbi mzima ulimwita Shemeji.

Aliyekuwa akitafutwa ni mwenzao. Walimwita Masafa, maana vitani alikuwa mtu wa redio ya mawasiliano. Mzee wa miaka sabini na sita, mke alishatangulia, akiishi peke yake katika chumba kimoja mtaa wa nyuma. Wiki iliyopita, Jumanne ya tarehe kumi na nane mwezi wa sita, binti yake, fundi cherehani wa mji wa pili, alikuja kituoni na mtoto mchanga mgongoni kuandikisha kwamba baba yake haonekani. Hakuomba makubwa. Alisema kama yu hai arudishwe, na kama amekufa apewe mwili akamzike na wenzake, kwa sababu tangu mama yao afe mzee alikuwa na usia huo mmoja tu, asubuhi na jioni: nizikeni na wenzangu.

Na wenzake hao walikuwa na mahali pao. Mwenyekiti alimweleza Inspekta habari yote akimtembeza chini ya picha za ukutani, naye akamwacha aseme, kwa kuwa mzee anayehadithia mambo ya zamani huacha na ya sasa yadondoke. Walirudi kutoka vitani wakiwa sitini na wawili. Wakapewa ghala la ngozi ambalo hakuna aliyelitaka kwa ile harufu, wakalisugua mwezi mzima, wakapandisha ukuta, wakaezeka wenyewe. Humo watoto wa mtaa wamechanjwa. Humo watu wamefungishwa ndoa, wamepigia kura, wamelazwa wakati wa mafuriko. Wake zao walinunua vyerehani vitano wakafundisha wasichana, na huyo binti wa Masafa alijifunzia hapo hapo, chini ya dirisha. Mwisho manispaa ikawakatia kipande kule makaburini, safu moja ndefu, kila mtu na nafasi yake, na mtu hazikwi humo ila amebebwa na wenzake sita.

"Sasa tumebaki kumi na wanne," Mwenyekiti alisema. "Tukizika siku hizi tunamweka marehemu kwenye mkokoteni. Mabega hayatoshi."

Ukutani palitundikwa katiba ndani ya kioo. Inspekta aliisoma yote akiwa amesimama. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi majina yataitwa. Asiyeitika mara tatu mfululizo atafutwa orodhani. Aliyefutwa hana nafasi katika safu.

Haya. Mpaka hapo kesi yenyewe ilikuwa imekaa hivi. Chumba cha Masafa Inspekta alikwisha kukiona: kitanda kimetandikwa, sakafu imefagiwa, mtungi umejaa maji, chumba cha mtu aliyetoka kidogo kwenda dukani. Kitu kimoja tu kilimkera. Ukutani palining'inia kitambaa cha bluu chenye mifuko midogo thelathini, namba zimetariziwa kwa uzi mweupe, na kila mfuko vidonge vya presha vya siku moja. Binti ndiye aliyekishona, na ndiye aliyekijaza mwisho wa mwezi wa tatu. Mifuko kumi na minane ilikuwa mitupu. Kuanzia wa kumi na tisa, vidonge vimo vyote. Inspekta alijiambia mzee alichoka na dawa, kwani wazee wangapi huchoka na dawa, akapita.

Binti hakuweza kuja tena kujaza mifuko, kwa kuwa alijifungua mwisho wa mwezi wa nne. Katikati ya mwezi wa tano alipiga simu ya baba yake, haikupatikana. Akapiga ya ukumbi. Karani akafungua daftari, akamwambia baba yako yupo, Jumamosi ya tarehe nne aliitika jina. Mwezi wa sita akapiga tena, akaambiwa vile vile: Jumamosi ya tarehe moja aliitika. Hao wazee na simu zao, Karani alimwambia, usijisumbue, lea mtoto. Binti akatulia. Lakini mzee gani anazaliwa mjukuu asiulize hata jina? Ndipo alipofunga safari.

Daftari hilo ndilo lililokuwa nguzo ya Inspekta pia. Kama Masafa aliitika tarehe moja mwezi wa sita, basi amepotea baada ya hapo. Siku ile ile ya kwanza aliagiza orodha ya wazee wasiojulikana waliopokelewa mochari kwa miezi mitatu, wakaja watano. Waliopokelewa kabla ya tarehe moja aliwapiga mstari, watatu, akawatazama wawili waliobaki. Hakuna aliyekuwa Masafa.

Kwa hiyo leo alitaka jambo moja: nani alimwona mwisho tarehe moja, na alikwenda wapi.

Aliwahoji mmoja mmoja ndani ya kijichumba cha Karani, mlango umefungwa.

Mwenyekiti alijibu kwa haraka. Masafa alikuwepo, aliitika, alikaa dirishani. Alivaa nini? Koti lake. Alisema nini? Mwenyekiti alifikiri, akasema hakumbuki, si msemaji sana. Kisha akainama, akashusha sauti, akaleta jambo ambalo Inspekta hakuwa ameliuliza. Masafa na Kisigino walikuwa hawasemezani. Mwezi wa nne, Jumamosi ya tarehe sita, walikosana juu ya mchezo wa drafti, Masafa akaupindua ubao kete zikatawanyika ukumbi mzima, na tangu siku hiyo wakawa wanapeana mgongo. Tena, Mwenyekiti alisema, ufunguo wa chumba cha Masafa anao Kisigino. Yeye kwa macho yake alimwona akiingia, mwezi huu huu, na ufagio.

"Mbona hukusema wiki iliyopita?"

"Askari uliyemtuma hakuuliza. Na mtu hamsemi mwenzake kwa polisi."

"Leo umemsema."

Mwenyekiti alirekebisha kola.

Inspekta aliandika: ugomvi, ufunguo, ufagio. Mtu anayefagia chumba cha mtu aliyepotea huwa anafagia kitu. Aliiona njia hiyo imenyooka mbele yake, na kwa miaka yake kazini alikuwa ameshajifunza kutoipenda njia iliyonyooka mapema. Akamwita Karani kwanza.

Karani alisema alama ya tarehe moja aliitia yeye mwenyewe. Masafa alikaa wapi? Nadhani mlangoni, alisema. Mwingine dirishani, mwingine mlangoni. Inspekta alilichukua daftari, akaligeuza kichwa chini miguu juu, akampa, akamwomba amsomee majina ya tarehe hiyo. Karani alilisogeza mpaka puani, akayasoma yote kumi na manne, moja baada ya jingine, bila kukosea hata moja.

Inspekta aliyaacha yaishe. Kisha akanyoosha mkono, akaligeuza daftari taratibu mikononi mwa mzee.

Karani alivua miwani. Alikiri kwamba ni mwaka wa nne sasa, ukungu umeziba macho yote mawili, majina anayajua kwa moyo. Anaita, anasikia "yupo", anatia alama pale kidole kinapomwelekeza. Alimwomba asimwambie Mwenyekiti, kwa sababu atanyang'anywa daftari, na hilo daftari ndilo linalomtoa nyumbani.

"Kwa hiyo hukumwona Masafa."

"Nilimsikia."

"Ilikuwa sauti yake?"

"Afande, wanaitika kijeshi. Mtu akiitika kijeshi hana sauti yake."

Inspekta alitoka nje ya kijichumba akaenda jikoni, na watu wote wakadhani ameona kiu. Shemeji alikuwa akisuuza vikombe vya bati, akivipanga juu ya meza kinywa chini. Inspekta aliokota kitambaa akaanza kumpangusia. Walizungumza kwanza habari za magoti, maana wote wawili yalikuwa yanawauma. Halafu akamuuliza, siku ya majina, wazee wote wanakunywa chai? Wote, Shemeji alisema, hata mwenye sukari anakunywa, yeye humtilia chumvi kidogo akadhani ni dawa. Basi huosha vikombe vingapi?

Shemeji hakufikiri hata kidogo. Mwezi wa nne kumi na viwili. Mwezi wa tano kumi na kimoja. Mwezi wa sita kumi na kimoja.

"Daftari lina watu kumi na wanne, miezi yote mitatu."

"Daftari ni la Karani. Vikombe ni vyangu."

Akamhesabia. Mmoja amelala na kiharusi tangu mwaka jana, mwingine amechukuliwa na mwanawe, yuko mji mwingine. Kumi na wawili hao. Na kikombe cha Masafa yeye anakijua hata gizani, kwa sababu mzee yule alitia sukari kama mtu anayezika kitu, hakorogi vizuri, na chini hubaki gundi ambayo lazima uisugue kwa kidole. Tangu mwezi wa nne kidole chake hakijasugua gundi.

"Na hukumwambia mtu, Shemeji?"

"Nani aliniuliza? Watu wakija hapa wanauliza wanaume."

Inspekta alikitua kikombe alichokuwa akikipangusa. Alirudi kijichumbani, akamwita Kisigino, akaweka mkono juu ya meza, kiganja juu. Kisigino aliutazama ule mkono, akaingiza wake mfukoni, akatoa ufunguo, akamwekea.

"Alinipa mwenyewe," alisema.

"Lini?"

"Alhamisi ya tarehe kumi na nane, mwezi wa nne. Jioni."

"Mlikuwa hamsemezani."

"Hatukusemezana. Aliuweka juu ya ubao wa drafti akauambia ukuta kwamba kesho alfajiri anakwenda kwa binti yake, mjukuu yu njiani, atarudi Jumapili, na chumba kisiachwe kikaota vumbi. Na mimi nikauambia ukuta kwamba nimesikia."

Inspekta hakucheka, na mzee mwenyewe hakuwa anachekesha. Alimhoji polepole. Jumapili hakurudi, sivyo? Hakurudi. Hukushtuka? Nilisema mtu akishampakata mjukuu hahesabu siku. Simu je? Kisigino aliinua mabega. Nani angeanza kupiga, aliyeupindua ubao ni yeye. Alingoja Masafa apige kwanza, wiki ya kwanza, ya pili, halafu ikawa kama jambo limeshazoeleka. Kila Jumatatu alikwenda kufagia na kubadilisha maji ya mtungi, ili mwenyewe akirudi asipate la kusema. Na wiki iliyopita aliposikia polisi wanamtafuta? Alidhani ametoka kwa binti, akapotelea njiani wakati wa kurudi, kwa kuwa waliambiwa hapo ukumbini kwamba kapotea mwezi huu.

"Nani aliwaambia mwezi huu?"

"Nyinyi."

Inspekta aliliandika na hilo. Kisha akamuuliza lile la mwisho, nani alikuwa akiitika jina la Masafa, ambalo jibu lake alikuwa nalo tayari.

Ilichukua muda. Kisigino alianza mbali, kwenye mlima wao ule wa vitani. Waliporudi nyuma usiku mmoja, yeye alibaki mtaroni na kisigino kimeng'oka, siku tatu. Na kila jioni makao makuu yalitaka hesabu ya watu kwa redio. Asiyekuwepo jioni mbili huandikwa mtoro, na barua ya utoro hutumwa kwa wazazi wake. Masafa ndiye aliyekuwa na redio. Jioni tatu alituma neno moja, wote wapo. Siku ya nne wakamkuta mtaroni, hai. Toka hapo ikawa ndivyo. Haikuandikwa kwenye katiba yoyote na hakuna aliyewahi kuitaja, lakini jina la mtu haliangukii sakafuni na rafiki yake amekaa hapo. Mwenye kiharusi anaitikiwa. Aliyechukuliwa na mwanawe anaitikiwa, na anayemwitikia huyo ni Mwenyekiti mwenyewe.

"Akikosa mara tatu anafutwa," Kisigino alisema. "Akifutwa hana kaburi kwetu. Nilikuwa namshikia nafasi yake, afande."

Nje, Shemeji alikuwa anavitia vikombe kabatini. Inspekta alifungua faili, akatoa ile orodha ya watu watano. Namba tatu. Mzee, hajulikani, hana karatasi, kagongwa na lori barabara ya kwenda stendi ya mabasi, Ijumaa ya tarehe kumi na tisa mwezi wa nne, alfajiri. Juu ya maneno hayo ulipita mstari mwekundu, umenyooka vizuri, wa rula, na pembeni sahihi yake yeye.

Mfuko wa kumi na tisa.

Alimwambia Kisigino achukue kofia yake.

Mochari ilikuwa nyuma ya hospitali, mlango wa chuma uliopakwa kijani. Mhudumu alitoka na buti za mpira, akawatazama, akaenda kuleta kitabu bila kuuliza mengi. Alipitisha kidole. Ndiyo, tarehe kumi na tisa, huyu hapa. Mwanamume, umri kama sabini na tano. Majeraha ya kichwa. Koti la kahawia. Akasoma mbele zaidi, neno kwa neno kama watu wanavyosoma mwandiko wa mtu mwingine: mguu wa kulia, vidole viwili vidogo havipo, kovu la zamani.

Kisigino alivua kofia. "Bomu la kutegwa," alisema. "Wiki moja baada ya langu. Nilimcheka."

Binti naye alikuwa ameandika kitu hicho hicho kwenye maelezo yake. Inspekta aliomba wamwone.

"Hayupo," mhudumu alisema. Siku sitini zikipita bila mwenyewe, wanawakabidhi manispaa. Zake zilitimia tarehe kumi na nane. Gari likaja Alhamisi, tarehe ishirini. Walitoka tisa siku hiyo.

Inspekta alimhoji kwa utaratibu ule ule aliowahojia wazee, swali baada ya swali. Sanduku? Hakuna masanduku, ni mfereji mmoja, wanalazwa bega kwa bega. Alama? Kikaratasi cha mkononi, na karatasi ni karatasi. Picha? Kamera iliharibika mwezi wa pili, wameandika barua. Nguo? Zimechomwa, ndiyo kanuni. Wazee wengine siku hiyo? Watatu, labda wanne.

Katika gari Kisigino aliuliza kama hawawezi kuchimbua. Inspekta alimweleza, kwa sababu alikuwa amestahili kuelezwa. Kufukua kunataka amri ya mahakama. Mahakama inataka uthibitisho kwamba aliyemo ni fulani. Uthibitisho wenyewe uko humo chini. Mara mbili katika kazi yake alikwisha kuomba amri kama hiyo, na mara zote mbili karatasi zilirudi na mhuri ule ule. Vidole viwili vya mguu? Hakimu atasema nchi hii imepigana vita, vidole wangapi hawana.

Walifika karibu na kituo.

"Basi niandikie kesi," Kisigino alisema.

"Kesi gani?"

"Yoyote. Nimesema uongo mbele ya daftari."

"Daftari la chama, mzee. Si letu."

"Kwa hiyo hamna kitu?"

"Hamna kitu."

Alikaa na kofia magotini. Alisema hata jeshini kulikuwa na adhabu kwa kila jambo, hata kifungo cha shati. Inspekta alisimamisha gari kivulini.

Binti wa Masafa alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu saa sita, mtoto amelala mapajani, kachukua nafasi ndogo kama watu waliozoea kungoja maofisini. Inspekta alimwingiza ofisini, akafunga mlango, akamweleza yote kuanzia kikombe hadi mfereji. Hakuficha wala hakupaka sukari. Alimwambia baba yake alikufa alfajiri ile akienda stendi, na kwamba alikuwa anakwenda kwake.

"Kwangu?"

"Kwako. Kwa ajili ya mtoto."

Binti alimtazama mtoto. Baadaye aliuliza tarehe. Alizikwa lini? Inspekta alimwambia Alhamisi ya tarehe ishirini.

"Mimi nilikuja Jumanne. Kumi na nane." Alihesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, kama anayepima pindo. "Jumanne alikuwa bado mochari?"

"Ndiyo. Na Jumatano."

"Mbona hamkunipeleka nikamtazame?"

"Kwa sababu nilikuwa nimempiga mstari, mwanangu. Daftari lilisema alikuwa hai. Mstari niliuchora mimi."

Mtoto aliamka, akatafuta titi, akapewa. Nje dirishani gari lilionekana kivulini, na ndani yake kichwa cheupe kimeinama. Binti alikitambua. Alisema yule baba mdogo ndiye aliyembeba begani siku ya sherehe za ukumbi ili aone tarumbeta, yeye akiwa na miaka minne. Inspekta alimuuliza kama angetaka aitwe.

"Usimlete," binti alisema. "Sina neno la kumwambia. Ningekuwa nalo ningemwita."

Ikabaki karatasi. Kila aliyeandikishwa amepotea lazima jalada lake litiwe alama na ndugu atie sahihi. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: amepatikana hai, amepatikana amekufa, hajapatikana. Inspekta alieleza kwamba cha pili kinataka cheti cha kifo, na cheti hakitolewi kwa maiti isiyo na jina, na bila cheti hakuna kibali cha kuzika, hata safu ya wazee ikiwa wazi namna gani. Aliisukuma fomu mbele, akaweka kalamu juu yake.

"Nitie wapi?"

Inspekta alionyesha kisanduku cha tatu.

"Lakini nyinyi mmempata."

"Ndiyo."

Binti alitia alama, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, akarudisha kalamu. Alimfunga mtoto mgongoni, akavuta fundo mara mbili. Mlangoni alisimama akauliza huo mfereji wa manispaa uko upande gani wa mji. Inspekta alimchorea kwenye kipande cha karatasi: barabara kuu, kiwanda cha matofali, halafu ukuta mweupe mkono wa kushoto.

Binti aliifuata ile barabara kwa kidole.

"Basi letu linapita hapo," alisema. "Asubuhi nilikaa dirishani, upande huo huo. Niliona udongo mpya. Nikamgeuza mtoto asipigwe na vumbi."

Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani, akauliza basi la mwisho kwenda kwao linaondoka saa ngapi.